Baiskeli Milimani: Mwongozo Kamili wa Kupanga Njia, Kupanda na Kushuka Salama

Wanaoanza kuendesha baiskeli kwenye maeneo ya vilima hukwama karibu kwa namna moja. Mtu anapanga kilomita 30 kwa sababu kilomita 30 za tambarare anazimudu bila shida. Hajafika nusu ya njia, anasukuma baiskeli, maji yamekwisha na jua linaelekea kuzama. Akianza kushuka, vidole vinakufa ganzi, breki zinanuka na kila kona inamkuta hajajiandaa.

Wengi hujilaumu kwamba hawana nguvu. Mara nyingi nguvu wanazo, ila wanachelewa. Kilimani karibu kila jambo hufanywa kabla ya wakati wake: gia hubadilishwa kabla mlima haujakaza, breki hubanwa kabla ya kona, na njia hupimwa kabla ya kutoka nyumbani. Nakuomba usiruke hatua mbili za mwanzo hata kama una hamu ya kupanda, maana safari nyingi huharibikia hapo.

## Vifaa unavyohitaji

Baiskeli. Tairi ziwe na upana wa inchi 2.1 au zaidi na meno yaliyosimama. Ziwepo breki mbili, kila moja ikifanya kazi yake bila kutegemea mwenzake. Shokapu ya mbele huipunguzia mikono uchovu. Ya nyuma ni nzuri lakini si sharti.

Kuna jambo moja la baiskeli ambalo wanunuzi wengi hawalitazami, nalo ni wepesi wa gia. Pindua baiskeli, hesabu meno ya sproketi ndogo kabisa ya mbele, kisha ya sproketi kubwa kabisa ya nyuma. Gawanya ya mbele kwa ya nyuma. Meno 30 mbele na 50 nyuma hutoa 0.6. Meno 22 mbele na 34 nyuma hutoa karibu 0.65. Zote mbili zinafaa kwa vilima. Ukipata 32 mbele na 32 nyuma, jibu ni 1, na hapo utateseka.

Gurudumu la inchi 29 husogea karibu mita 2.3 kila linapozunguka mara moja. Kwa gia ya 0.6, mzunguko mmoja wa pedali unakusogeza mita 1.4 hivi, kwa hiyo mizunguko 60 kwa dakika inakupa kilomita 5 kwa saa. Kwa gia ya 1, mizunguko hiyohiyo inakupa zaidi ya kilomita 8 kwa saa. Sasa weka mwinuko wa asilimia 10, na mtu na baiskeli yake wawe na jumla ya kilo 90. Katika gia ya 0.6 miguu inatakiwa kutoa takriban wati 120, na katika gia ya 1 takriban wati 200, kabla ya kuhesabu msuguano wa ardhi. Wati 200 kwa saa nzima ni kazi ya mtu mwenye mazoezi ya muda mrefu. Jibu lako likizidi 0.8, mwone fundi kwanza ndipo uyalaumu mapafu yako. Yeye ataangalia kama mkono wa gia (kifaa cha nyuma kinachohamisha mnyororo) unaweza kubeba sproketi kubwa zaidi na kama mnyororo una urefu wa kutosha.

Vya mwilini. Helmeti inayokaa vidole viwili juu ya nyusi, isiyoteleza kwenda kisogoni. Glavu, miwani, na viatu vyenye soli bapa isiyojikunja. Helmeti iliyowahi kupigwa chini kwa nguvu haifai tena, hata kama hauoni ufa.

Vya kubeba:

- tyubu moja ya saizi ya gurudumu lako, viraka na gundi
- vipande viwili vya plastiki vya kutolea tairi
- pampu ndogo inayoshika valvu yako (aina za Presta na Schrader hazifanani, kwa hiyo ijaribu ukiwa nyumbani)
- alenki za milimita 4, 5 na 6, bisibisi, na kifaa cha kukatia mnyororo
- kiungo cha akiba cha kuungia mnyororo, kinacholingana na idadi ya gia zako za nyuma
- taa, filimbi, bandeji, na simu yenye ramani iliyopakuliwa kabisa
- koti jepesi la kuzuia upepo

Usiliache koti kwa sababu chini kuna joto. Hali ya hewa hupoa kwa wastani wa nyuzi 6.5 za Selsiasi kwa kila mita 1,000 unazopanda, na wewe utafika juu umelowa jasho, kisha utaanza kushuka dhidi ya upepo.

Maji hesabu nusu lita hadi robo tatu ya lita kwa kila saa, na uongeze kukiwa na jua kali. Safari ikizidi saa moja na nusu, beba chakula cha kukupa gramu 30 hadi 60 za wanga kwa saa, na uanze kukila kabla ya kusikia njaa.

## Hatua ya 1: Kagua breki na tairi siku moja kabla

Ukikagua asubuhi ya safari na ukakuta kasoro, utajishawishi kwamba ni ndogo. Ukikagua siku moja kabla, una muda wa kuitengeneza.

Anza na breki ya mbele. Simama kando ya baiskeli, ibane, kisha sukuma baiskeli mbele. Gurudumu la nyuma linapaswa kunyanyuka. Fanya hivyo kwa breki ya nyuma. Gurudumu liburuzike bila kuzunguka. Mkono wa breki ukigusa usukani kabla ya gurudumu kukamatwa, usiende popote.

Hakikisha pia unajua mkono upi unashika gurudumu lipi. Katika nchi kama Uingereza breki ya mbele kwa kawaida huwa upande wa kulia, na Marekani huwa upande wa kushoto. Baiskeli ya kuazima au ya mtumba inaweza kuwa imefungwa kwa namna usiyoizoea, na hilo si jambo la kuligundua ukiwa mteremkoni.

Kisha, kama breki zako ni za diski, mulika tochi kwenye pengo la kaliper (kifaa kinachobana diski), pale diski inapopita. Utaona vipande viwili vya chuma, na kila kimoja kimebeba tabaka la pedi linaloigusa diski. Tabaka hilo likiwa limebaki chini ya milimita 1, badilisha. Kwa breki za kubana ringi, angalia mifereji iliyochorwa kwenye mpira wa breki; ikiwa imefutika, mpira umekwisha.

Pedi mpya hazishiki vizuri mpaka zizoeane na diski. Tafuta mteremko mpole ulio wazi, uendeshe kwa mwendo wa wastani, kisha punguza hadi mwendo wa kutembea bila kufunga gurudumu. Rudia mara 20 hivi kwa kila breki. Utasikia mkamato ukiongezeka kadiri unavyorudia, na hiyo ndiyo dalili kwamba kazi imekwisha.

Tahadhari: mafuta ya mnyororo yakigusa diski au pedi, breki inaweza kupoteza nguvu yake kabisa. Na kama breki zako ni za mafuta, usichanganye mafuta ya DOT na mafuta ya madini. Kila breki hutengenezwa kwa aina moja tu, na aina nyingine huharibu mipira ya ndani.

Sasa upepo wa tairi. Mwendeshaji wa kilo 70 mwenye tairi ya inchi 2.3 yenye tyubu aanze na psi 26 hadi 30, yaani baa 1.8 hadi 2.1. Tairi isiyo na tyubu inaweza kushuka hadi psi 22 au 25. Nyuma ongeza psi 2 au 3 kwa sababu ndiko uzito mwingi ulipo.

Wanaotoka barabara ya lami huzijaza tairi mpaka ziwe ngumu, wakiamini zitabingirika kwa wepesi. Kwenye mawe, tairi ngumu inadunda badala ya kulala juu ya jiwe, na inapodunda haishiki ardhi. Lakini ukipunguza upepo mno, jiwe litaibana tyubu dhidi ya ringi na kuitoboa matundu mawili yanayotazamana. Ukipata pancha ya matundu mawili ya namna hiyo, tatizo ni upepo mdogo, si mwiba. Kipimo sahihi ni kile ambacho tairi inabonyea kidogo ukiikalia, na hausikii ringi ikigonga ukipita juu ya mzizi.

Malizia kwa kukaza ekseli za magurudumu na boliti za usukani.

## Hatua ya 2: Ipime njia kwa mita za kupanda

Kilomita hazikuelezi chochote mpaka ujue utapanda kiasi gani ndani yake. Njia ya kilomita 15 yenye mita 800 za kupanda ni nzito kuliko ya kilomita 40 yenye mita 200.

Kwa anayeanza, tumia hesabu hii: saa moja kwa kila kilomita 12, jumlisha saa moja kwa kila mita 400 za kupanda. Njia ya kilomita 24 yenye mita 700 za kupanda itakuwa saa 2 za umbali na saa 1 na dakika 45 za mwinuko, jumla saa 3 na dakika 45. Ongeza dakika 10 za mapumziko kwa kila saa, na nusu saa ya pancha au kupotea njia. Umefika karibu saa 5. Ni hesabu ya tahadhari, na makusudi yake ni kwamba urudi kukiwa bado na mwanga. Kumbuka mabonde huingia kivuli mapema kuliko saa ya machweo inayoonyeshwa na simu.

Programu mbili za simu zinaweza kukupa jumla tofauti za kupanda kwa njia ileile, kwa kuwa kila moja hulainisha data kwa namna yake. Chukua ile kubwa.

Baada ya jumla, tazama ukali wa kila kipande. Kwenye ramani ya kipimo cha 1:50,000, sentimita 1 ni mita 500 za ardhini. Soma kwenye maelezo ya ramani tofauti ya kimo kati ya mstari mmoja wa kontua (mstari unaounga sehemu zenye kimo sawa) na unaofuata. Tuseme ni mita 20. Ikiwa njia inavuka nafasi 2 za mistari ndani ya sentimita 1, umepanda mita 40 kwa mita 500, sawa na asilimia 8. Ikivuka nafasi 5, umepanda mita 100, asilimia 20.

Nini maana ya namba hizo? Hadi asilimia 5 utapanda huku ukizungumza. Kati ya 5 na 10 utahitaji gia nyepesi na subira. Kati ya 10 na 15 anayeanza huvumilia vipande vifupi tu. Ukizidi hapo, tena kwenye changarawe, jiandae kusukuma, na uhesabu muda wa kusukuma tangu ukiwa nyumbani.

Angalia vilevile jinsi njia inavyoikata mistari. Wajenzi wa njia za baiskeli hufuata kanuni ya nusu: ukali wa njia usizidi nusu ya ukali wa ubavu wa kilima inapopita. Pia hulenga wastani usiozidi asilimia 10. Njia ya namna hiyo huuzunguka ubavu wa kilima kwa mshazari na maji huivuka bila kukaa. Njia inayoshuka moja kwa moja, ikiikata mistari ya kontua kama ngazi, hugeuka mfereji mvua inaponyesha. Juu utakuta udongo, na katikati korongo lenye mawe yaliyolegea. Kwenye ramani inaonekana fupi na ya kuvutia. Iepuke mpaka umekomaa.

Safari za mwanzo nashauri njia ya kwenda na kurudi kuliko ya kuzunguka. Ukipanda mahali utakaposhukia, unaliona kila jiwe na kila mzizi kwa mwendo wa polepole, na ukichoka unageuza tu. Hakikisha kwanza kwamba njia hiyo haikutengwa kwa wanaoshuka peke yao. Ukishazoea, panda kwa barabara pana ya udongo na ushuke kwa kijia chembamba, huku ukijua walau sehemu mbili unazoweza kukatisha safari.

Penye vibao vya rangi, soma maelezo ya hapo hapo. Uingereza hutumia kijani, buluu, nyekundu na nyeusi, kuanzia rahisi. Amerika Kaskazini hutumia duara la kijani, mraba wa buluu na almasi nyeusi, bila nyekundu katikati. Ujerumani kuna kipimo cha S0 hadi S5. Rangi moja haimaanishi ugumu mmoja kila mahali.

Hatua hii imekamilika ukiwa na namba nne kwenye karatasi: kilomita, mita za kupanda, saa ya kuanza, na saa ya kugeuza hata kama hujafika kileleni. Hiyo ya mwisho mpe pia mtu anayebaki nyumbani, pamoja na njia utakayopita.

## Hatua ya 3: Weka kiti na mwili sawa

Kwa kupanda, keti, weka kisigino kwenye pedali iliyo chini kabisa. Mguu uwe umenyooka bila nyonga kuinama upande. Ukikanyaga kwa sehemu ya mbele ya mguu, goti litabaki na mkunjo mdogo unaotakiwa. Kiti cha chini mno kinachosha mapaja na kuumiza magoti.

Kwa kushuka, kiti kishuke sentimita kadhaa ili mwili upate nafasi. Kama una bomba la kiti linaloshuka kwa kitufe, vizuri. Kama huna, alenki na nusu dakika pale juu zinatosha. Weka alama kwa tepu kwenye kimo cha kupandia.

## Hatua ya 4: Panda bila kusimama

Badilisha gia mwinuko ungali mbele yako, pedali zikiwa bado nyepesi. Mnyororo uliobeba uzito wako wote hauhami vizuri kutoka jino hadi jino. Unagonga, unaruka, na wakati mwingine unakatika. Kama umechelewa, kanyaga kwa nguvu mara moja ili upate mwendo kidogo, kisha legeza mguu kwa nusu mzunguko na ubadilishe hapo hapo. Gia ikiingia kimya, umefanya sawa.

Usikimbilie gia nyepesi kuliko zote mwanzoni kabisa mwa mlima. Utazungusha miguu bure na kupoteza mwendo uliokuja nao. Shuka gia moja moja, ukibaki kwenye mizunguko 60 hadi 80 kwa dakika.

Mwinuko ukikaza, mambo mawili hugombana. Uzito ukiwa nyuma, gurudumu la mbele linapepea na usukani unakosa mwelekeo. Uzito ukiwa mbele, gurudumu la nyuma linazunguka hapo hapo na kurusha changarawe. Dawa ni kusogea mpaka ncha ya kiti, kuinamisha kifua, na kuteremsha viwiko kuelekea chini, ukiuvuta usukani taratibu nyuma badala ya juu. Ukisikia nyuma inateleza, rudi sentimita mbili. Ukiona mbele inanyanyuka, inama zaidi. Ni marekebisho madogo ya kila wakati, na baada ya muda mwili huyafanya wenyewe. Kusimama kwenye pedali huacha nyuma bila uzito, kwa hiyo kwenye ardhi iliyolegea baki umekaa.

Macho yatazame mita tatu hadi tano mbele, pale unapotaka tairi ipite. Ukilitazama jiwe, utalipanda.

Kasi sahihi ni ile inayokuruhusu kusema sentensi fupi bila kukatika. Ukishindwa kutamka maneno matano, umezidisha, na deni hilo utalilipa kileleni.

Ukisimama katikati ya mwinuko, usijaribu kuondoka ukielekea juu moja kwa moja. Iweke baiskeli kwa mshazari, au kuivuka njia kabisa pakiwa na nafasi. Bana breki zote mbili, keti, inua pedali moja hadi juu kidogo ya usawa wa mbele, kanyaga huku ukiachia breki, zungusha mara mbili, ndipo ugeuke kuelekea juu. Kufanya hivi kunahitaji gia nyepesi lakini si ile ya mwisho, kwani ya mwisho hukupa msogeo mdogo mno wa kupata usawa.

Na kusukuma si aibu. Anayeshuka mapema na kutembea mita 50 hufika juu akiwa na miguu ya kushukia.

## Hatua ya 5: Shuka bila kuchoma breki

Hapa ndipo watu huumia, kwa hiyo tukae kidogo.

Mtu na baiskeli wa kilo 90 wakishuka mita 400 za kimo, nishati inayotakiwa kuondolewa ni takriban kilojuli 350. Inatosha kuchemsha lita moja ya maji iliyokuwa na nyuzi 20. Sehemu huchukuliwa na upepo na tairi, lakini ukishuka polepole breki zikiwa zimebanwa muda wote, karibu joto lote linaishia kwenye diski mbili nyembamba au kwenye ringi.

Kwa sababu hiyo usibane kidogo kidogo mfululizo. Bana kwa uthabiti, punguza mwendo, kisha achia kabisa. Katika sekunde za kuachia, diski hupoa kwa upepo na vidole hupumzika. Ukifanya hivyo vizuri, sauti ya breki itakuwa ya vipande vifupi yenye ukimya katikati.

Bana mahali pazuri: pamenyooka, ardhi ngumu, hakuna mizizi. Achia unapopita juu ya mizizi, mawe yaliyolegea au majani mabichi, maana tairi iliyokwisha kutumia mshiko wake wote kwa breki haina mshiko wa kubaki wima. Mteremko mrefu utaugawa hivyo: hapa pa kubana, hapa pa kuachia, hapa pa kubana tena.

Tumia breki zote mbili, kidole kimoja kwa kila mkono, vingine vishike usukani. Walioanguka kwa kupita juu ya usukani huiogopa breki ya mbele na kubaki na ya nyuma peke yake. Kwenye mteremko uzito huhamia mbele, gurudumu la nyuma linabaki jepesi, linafunga na kuburuzika. Nguvu nyingi ya kusimamisha iko mbele. Kinachoangusha ni kuibana ghafla wakati mwili umesimama wima na mikono imenyooka. Ikaze hatua kwa hatua, huku mwili ukiwa chini na uzito kwenye miguu.

Mkao ni huu: pedali zilingane kwa usawa, visigino vishuke kidogo, magoti na viwiko vikunjwe, kifua kishuke kuelekea usukani, makalio yawe juu ya kiti au nyuma yake kidogo. Usiyarudishe nyuma mpaka mikono inyooke, kwa kuwa gurudumu la mbele litakosa uzito na halitageuka. Jipime hivi: vidole vinne vya kila mkono vishike kwa wepesi wa kumshika ndege mkononi. Ukiona unautundikia usukani uzito wako, sukuma visigino chini.

Dalili za breki iliyochemka: mkono wa breki unaingia ndani zaidi kuliko ulivyokuwa, kuna harufu ya kuungua, nguvu inapungua ingawa unabana zaidi. Simama mara moja, mahali unapoonekana na wanaokuja nyuma. Usiiguse diski, itakuunguza, wala usiimwagie maji, kwani inaweza kupinda. Ngoja ipoe yenyewe. Kwenye mteremko mrefu, panga vituo vya kupoza hata kabla dalili hazijaonekana, na vitumie kukunjua vidole.

Mteremko wowote usioweza kuuona mwisho wake, simama juu, utembee, uutazame. Kama hujaridhika, shuka kwa miguu.

## Hatua ya 6: Kona

Maliza kupunguza mwendo kabla ya kuingia. Anayebana katikati ya kona huinua baiskeli iliyolala na kuitoa nje ya njia, au huteleza.

Ingia kwa upande wa nje, tazama pale kona inapoishia, ilaze baiskeli huku mwili ukibaki wima kiasi. Kwenye kona isiyo na ukingo ulioinuka upande wa nje, pedali ya upande wa nje iwe chini na uikanyage kwa uzito wako. Kwenye kona kali za kurudi nyuma, zile za kupanda au kushuka kwa zigizaga, geuza kichwa na kidevu mapema kuliko unavyodhani inafaa. Mabega hufuata kichwa, usukani hufuata mabega. Ukitoka kwenye kona ukiwa na mwendo wa kuweza kuongeza, uliingia sawa. Ukitoka ukiwa unabana, uliingia haraka.

## Hatua ya 7: Watu, wanyama na njia yenyewe

Wapishe wanaotembea kwa miguu na walio juu ya farasi. Unaposhuka, mpishe anayepanda, isipokuwa njia ina kibao cha kushuka tu, kwa kuwa yeye akisimama kuondoka tena ni kazi. Ukikuta mifugo au farasi, simama na uzungumze kwa sauti ya kawaida ili mnyama atambue kuwa ni binadamu.

Tairi zikiacha mifereji kwenye udongo uliolowa, geuza, urudi siku nyingine. Dimbwi dogo lipite katikati badala ya kulizunguka, la sivyo njia hupanuka kila msimu. Kuburuza gurudumu la nyuma huchimba njia vilevile.

Ngurumo zikianza, ondoka kwenye mgongo wa kilima na miti iliyosimama peke yake. Subiri dakika 30 baada ya ngurumo ya mwisho kabla ya kurudi juu.

## Hatua ya 8: Mambo yakiharibika

*Mnyororo umekatika.* Ondoa pingili zilizopinda, unga kwa kiungo cha akiba. Mnyororo sasa ni mfupi, kwa hiyo kama una sproketi zaidi ya moja mbele, usitumie kubwa ya mbele pamoja na kubwa ya nyuma.

*Tairi imechanika ubavuni.* Tyubu mpya itatokeza kwenye mpasuko na kupasuka. Weka ndani ya tairi kipande cha tairi kuukuu au karatasi ngumu ya plastiki iliyokunjwa, ndipo ujaze.

*Baiskeli imeangukia upande wa mnyororo.* Simama nyuma yake na utazame kama mkono wa gia umelala kuelekea spoki. Ukiwa umelala, usiingize sproketi kubwa ya nyuma: mkono unaweza kunaswa na spoki na kuvunjika pamoja na gurudumu. Rudi kwa gia za katikati.

*Mtu ameanguka na kujigonga kichwa.* Akiwa na kizunguzungu, kichefuchefu, kuchanganyikiwa au maumivu ya kichwa yanayoongezeka, haendeshi tena siku hiyo, hata akisema yuko sawa. Asiachwe peke yake, na apelekwe hospitali.

Pasipo na mtandao wa simu, piga filimbi mara sita ndani ya dakika moja, nyamaza dakika moja, rudia. Ndiyo ishara ya dharura milimani inayotambulika kimataifa. Anayekujibu hupiga mara tatu.

## Hatua ya 9: Ukirudi

Ondoa udongo kwa brashi na maji ya kawaida. Maji ya kasi kubwa hupenya kwenye beringi na kuosha grisi. Kausha mnyororo, utie mafuta tone moja kwa kila pingili, ngoja kidogo, kisha futa yaliyobaki nje, maana hayo ndiyo hukamata vumbi. Pima pedi tena; safari moja ya matope yenye mteremko mrefu inaweza kuzila zaidi kuliko wiki nyingi za jua.

Mwisho toa ile karatasi yenye namba nne na uandike muda halisi karibu na uliokadiria. Kama hesabu ilisema mita 400 kwa saa na wewe umepanda 300, basi tumia 300 unapopanga njia inayofuata.